Nani Mwenye Mnazi? Nawawi, Locke na Nyerere katika Masomo ya Juu ya Falsafa ya Siasa, kwa Mfano wa Mwabungo

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeingia katika semina ya falsafa ya jamii na siasa katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki hukabidhiwa orodha ya maandiko makuu. Aghalabu orodha hiyo huanza na Plato na Aristotle, hupitia kwa Hobbes, Locke na Rousseau, na kufika kwa Mill na Marx. Majina ya Nkrumah, Fanon na Nyerere huja mwishoni, mara nyingi katika majuma ya mwisho ya muhula, wakati nguvu za mwanafunzi na za mwalimu zimekwisha kupungua. Kiswahili, iwapo kinaingia, huingia kwa mlango wa nyuma: ni lugha ya kutolea mifano, wala si lugha ya kupimia hoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpango huo una kasoro mbili, na kwamba kasoro hizo ni moja kwa asili yake. Ya kwanza ni kudhani kwamba kusoma maandiko ya falsafa ya siasa kwa daraja ya juu kulianza Afrika Mashariki pamoja na vyuo vikuu. Ya pili ni kudhani kwamba andiko kuu lina maana moja popote lisomwapo. Ili kuzijadili kasoro hizo, makala yanachukua swali moja tu la falsafa, yaani asili ya milki ya ardhi, na mahali pamoja tu, yaani Mwabungo, katika pwani ya kusini ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba historia ya ardhi ya pwani hiyo ni historia ya mamlaka kugeuzwa kuwa milki, na kwamba msomaji anayesoma kwa Kiswahili ana nyenzo za kuliona jambo hilo ambazo msomaji wa Kiingereza peke yake hana.

MAHALI NA MTI

Mwabungo ni kijiji cha Wadigo katika eneo la Kinondo, kusini mwa Diani, katika Kaunti ya Kwale, si mbali na barabara iendayo Msambweni na Lunga Lunga. Upande wa mashariki ni bahari na mwamba wa matumbawe. Upande wa magharibi ni mashamba ya minazi, miembe, mikorosho na mihogo. Jina lenyewe lina kiambishi Mwa-, kinachoanza majina mengi ya watu na ya mahali katika nchi ya Wamijikenda. Kiambishi hicho ni ushahidi wa kihistoria usiopaswa kupuuzwa: nchi iliyojaa majina ya namna hii, kutoka Mwabungo hadi Mwakamba na Mwaembe, ni nchi iliyokwisha kukaliwa, kugawanywa na kukumbukwa kabla haijachorwa katika ramani yoyote ya serikali.

Mambo mawili ya mahali hapo ni muhimu kwa mjadala huu. La kwanza ni msitu wa Kaya Kinondo, ulio katika eneo hilo hilo. Kaya za Wamijikenda zilikuwa miji iliyozungukwa na misitu. Baada ya watu kuhama na kutawanyika katika mashamba, misitu ilibaki kuwa mahali pa ibada, pa mazishi na pa baraza za wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika misitu hiyo, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Msitu haukulimwa, na haukulimwa kwa makusudi. Miiko ya wazee ilikataza kukata mti, kuokota kuni na kuingia bila ruhusa. Uzima wa msitu huo basi ni matokeo ya kazi, ingawa ni kazi ya kujizuia.

Jambo la pili ni mnazi. Kwa desturi ya pwani, ardhi na mti vilivyopandwa juu yake si kitu kimoja. Ardhi yaweza kuwa ya ukoo, na mnazi ukawa wa aliyeupanda. Mtu aliweza kuuza minazi yake, au kuiweka rehani, bila kuuza hata shubiri moja ya ardhi. Juu ya mti huo huo aliweza kuwapo mtu wa tatu, yaani mgema, mwenye haki ya kupanda na kugema kwa mapatano. Miongoni mwa Wadigo jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu urithi wa kale ulifuata fuko, yaani ukoo wa upande wa mama: mali ya mtu ilikwenda kwa mpwawe. Kadiri Uislamu ulivyoenea miongoni mwao, hasa kuanzia mwisho wa karne ya 19, sheria iliyowapa watoto fungu lao ilikutana uso kwa uso na desturi iliyowapa wapwa. Mnazi, ambao ulikuwa tunda la jasho la mtu mmoja juu ya ardhi isiyokuwa yake peke yake, ulikuwa katikati ya mgongano huo. Swali la nani mwenye mnazi halikuwa la kubuniwa na wanafalsafa. Lilikuwa swali la baraza.

DARSA YA MINHAJ

Kabla ya vyuo vikuu, pwani ilikuwa na masomo ya daraja ya juu. Baada ya chuo cha Kurani, mwanafunzi aliyetaka kuendelea alikwenda kwenye darsa ya shehe, akaanza na vitabu vifupi vya fiqhi kama Safina, akapanda hadi kwa Abu Shujaa, na hatimaye akafika kwenye Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho ndicho kilichokuwa rejeo kuu la makadhi wa madhehebu ya Shafii kutoka Lamu hadi Unguja, pamoja na sherehe zake mbili mashuhuri, Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli. Namna ya kusoma ilikuwa ya uangalifu mkubwa: matini husomwa kifungu kwa kifungu, shehe akafasiri kwa Kiswahili, akataja hitilafu za maimamu, na mwanafunzi akaandika pembeni mwa ukurasa. Kwa kipimo chochote cha haki, hii ilikuwa semina.

Ni kweli kwamba Minhaj si kitabu cha falsafa kwa jina. Walakini maswali ya falsafa ya siasa yamo ndani yake. Katika mlango wa waasi mna masharti ya kiongozi na njia ambazo uongozi hupatikana: kwa kuchaguliwa na wenye rai, kwa kuachiwa na aliyetangulia, au kwa kunyakua kwa nguvu. Na katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ihyaa al-mawat, mna nadharia kamili ya asili ya milki.

Nadharia hiyo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Ardhi ambayo haijapata kuimarishwa na mtu ni ardhi iliyokufa, na anayeihuisha huimiliki. Kuhuisha hupimwa kwa kusudi: anayetaka nyumba ajenge kuta na kuezeka, anayetaka shamba asawazishe udongo na kuuandalia maji. Kuweka alama za mipaka peke yake hakuleti milki, bali humpa mtu haki ya kutangulizwa tu. Juu ya hayo mna masharti matatu ambayo kwa mjadala huu ni muhimu kuliko kanuni yenyewe.

Sharti la kwanza: ardhi iliyopata kukaliwa haiwi mawat kwa kuhamwa. Mwenyewe akijulikana ni yake. Asipojulikana, na imara yake ikiwa ni ya wakati wa Uislamu, ni mali iliyopotea mwenyewe, na hukumu yake ni nyingine. Kiswahili kina neno la ardhi ya namna hiyo, nalo ni mahame. Sharti la pili: kila mahali palipoimarishwa pana harimu yake, yaani eneo la kandokando ambalo wakazi wanalihitaji. Kwa kijiji, Nawawi anataja mahali pa kukutania watu, pa kupumzishia wanyama na hata pa kutupia taka. Harimu hailimwi, na hakuna aliyeijenga. Hata hivyo haifai kuhuishwa na mgeni, kwa sababu haijafa. Sharti la tatu: kwa rai ya Shafii, mwenye kuhuisha hahitaji ruhusa ya mtawala. Abu Hanifa aliitaka ruhusa hiyo, Shafii hakuitaka. Tofauti hii, inayoonekana ndogo, ina maana kubwa ya kisiasa: katika rai ya Shafii mamlaka si chemchemi ya milki.

Hata suala la mnazi lina kifungu chake. Katika mlango wa mauzo, Nawawi anasema kwamba anayenunua mti haingiziwi katika mauzo hayo mahali ulipoota, kwa rai iliyo sahihi zaidi. Lakini ana haki ya manufaa ya mahali hapo maadamu mti umesimama. Desturi ya pwani na matini ya Sham zilikubaliana katika jambo hili bila shida.

Isidhaniwe kwamba andiko hili halina dosari. Nawawi anamzuia asiyekuwa Mwislamu kuhuisha ardhi katika nchi ya Kiislamu, na kwa mujibu wake Mdigo wa kaya wa karne ya 19 angejikuta nje ya mlango. Dosari kubwa zaidi ni utumwa. Katika mashamba ya Mazrui ya Gazi, kusini mwa Mwabungo, kazi ilifanywa na watumwa, na jasho lao liliwapatia milki wengine. Kiswahili kinalihifadhi jambo hili katika mzizi mmoja wa maneno: milki, mmiliki, mamlaka, na pia mamluki, neno ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya mtu anayemilikiwa. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini waliopanda hawakupewa walichopanda.

SURA YA TANO YA LOCKE

Kitabu cha John Locke juu ya serikali kilitokea London mwaka 1689, ingawa ukurasa wake wa kwanza una tarehe ya 1690. Sura ya tano ya risala ya pili ndiyo inayosomwa zaidi katika semina zote za falsafa ya siasa kuhusu milki. Hoja yake ni kwamba Mungu aliwapa wanadamu dunia kwa shirika. Kila mtu ana milki ya nafsi yake, na kwa hiyo ya kazi ya mikono yake. Basi anapoichanganya kazi yake na kitu kilichokuwa cha wote, kitu hicho huwa chake. Kwa ardhi, kipimo ni kulima, kupanda na kutumia mazao. Na mtu hahitaji idhini ya wengine wote, maadamu amewabakishia ya kutosha na iliyo nzuri vile vile.

Mwanafunzi aliyepitia darsa ya Minhaj hawezi kuisoma sura hii bila kushtuka, kwa maana muundo wake anaujua. Milki kwa kazi, bila ruhusa ya mtawala, na kipimo cha kazi kikifuata kusudi: yote hayo yamo kwa Nawawi, karne nne kabla. Si lazima kutafuta kama mmoja alimwathiri mwingine. Faida ya kuwaweka pamoja ni kwamba zinadhihirika tofauti zao, na katika tofauti hizo ndimo falsafa ilimo.

Tofauti ya kwanza ni ya harimu. Locke analijua jambo hilo, lakini analiweka Uingereza tu. Anakiri kwamba ardhi ya shirika katika nchi yenye serikali na sheria haiwezi kuzungushiwa ua na mtu mmoja bila idhini ya wenziwe, kwa kuwa imebaki ya shirika kwa mapatano. Lakini anapotazama Marekani, haoni mapatano ya namna hiyo. Huko anaona ardhi iliyoachwa bila kutumika, na anasema kwamba mfalme wa nchi kubwa ya huko hula, hulala na huvaa vibaya kuliko kibarua wa Uingereza. Tofauti ya pili ni ya mahame. Kwa Locke, ardhi ambayo majani yake yanaoza bila kulishwa na matunda yake yanaharibika bila kuchumwa, hata ikiwa na ua, yaweza kuhesabiwa kuwa wazi kwa mwingine. Ardhi iliyolazwa ili ipate rutuba tena, kama walivyofanya wakulima wa pwani kwa karne nyingi, haina mahali pa hakika katika sura hiyo. Na Kaya Kinondo haina mahali kabisa. Kwa kipimo cha jembe, mahali penye miiko mikali kuliko pote huonekana kuwa pori tupu.

Tofauti ya tatu ni ya kazi yenyewe. Locke anasema kwamba majani yaliyokatwa na mtumishi wake ni milki yake yeye Locke. Kwa sentensi hiyo moja kanuni ya jasho inaondolewa mikononi mwa mwenye jasho. Hapo Nawawi na Locke wanakutana tena, na mkutano huo si wa kujivunia. Semina isiyoutaja ukweli kwamba Locke alikuwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina, na kwamba aliwekeza fedha katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa wa Afrika, haisomi andiko hilo kwa daraja ya juu, inalikariri.

KUTOKA MAMLAKA HADI MILKI

Pwani ya kusini iliingia katika himaya ya Uingereza kwa njia ya mikataba na Sultani wa Zanzibar. Mkataba wa 1895 ulikabidhi kwa Waingereza uendeshaji wa serikali katika ukanda wa maili kumi, yakiwamo mambo ya ardhi na madini, huku uhuru wa Sultani ukitambuliwa kwa jina. Kilichokabidhiwa, kwa maneno mengine, kilikuwa mamlaka.

Mwaka 1899 wanasheria wakuu wa Serikali ya Uingereza walitoa rai kwamba katika nchi za himaya zisizokuwa na serikali iliyotulia, ambako ardhi haikuwa imetengwa kwa mtawala wala kwa watu binafsi, haki ya himaya inabeba ndani yake haki ya kugawa ardhi tupu isiyokaliwa. Amri ya 1901 ikaziita ardhi za Taji ardhi zote za umma zilizo chini ya uangalizi wa Mfalme, iwe kwa mkataba au kwa himaya. Njia mbili, ya pwani na ya bara, zikaunganishwa katika ibara moja. Sheria ya 1902 ilikataza kuuza ardhi inayokaliwa na wenyeji, lakini ikaongeza kwamba katika eneo lililokodishwa, ardhi ya wenyeji ikiacha kukaliwa itamwendea aliyekodi. Kwa kifungu hicho mahame yalifanywa mawat. Sheria ya 1915 ilikwenda mbali zaidi, ikazitia hata ardhi zinazokaliwa na makabila katika ardhi za Taji. Na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba wenyeji juu ya ardhi hizo ni wapangaji kwa hiari ya Taji.

Hapana haja ya kudai kwamba watunga sheria hao walikuwa na kitabu cha Locke mezani. Inatosha kuonyesha kwamba waliichukua nusu ya hoja yake, ile ya ardhi tupu, wakaiacha nusu ya pili, ile ya milki isiyotegemea mtawala. Kwa Locke serikali huundwa ili kuilinda milki iliyokwisha kuwapo. Katika Kenya ya kikoloni serikali ilitangulia, na milki ikatoka mikononi mwake.

Kwa pwani kulikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye madai ya ardhi ayapeleke kwa mwandikishaji wa hati. Ardhi isiyodaiwa ingehesabiwa kuwa ya Taji. Sheria hiyo ilimfaa mdai mwenye jina moja, mipaka iliyonyooka na karatasi. Haikuwa na safu ya fuko, wala ya mwenye minazi asiyekuwa mwenye ardhi, wala ya msitu ambao thamani yake ni kutoguswa. Katika mahakama, Minhaj yenyewe ilianza kusomwa na mahakimu wa Kizungu kwa tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard ya mwaka 1914, ambayo haikutoka katika Kiarabu bali katika tafsiri ya Kifaransa ya van den Berg. Kitabu kilichokuwa kikifasiriwa kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wa pwani kikawarudia kwa mikono mitatu.

Uhuru wa 1963 haukulifunga jambo hili. Sheria ya uandikishaji wa ardhi ya mwaka huo huo iliifasili ardhi kuwa ni pamoja na vyote viotavyo juu yake. Kwa maneno hayo machache mnazi ulifuata udongo, na mwenye mti asiyekuwa na hati akawa hana mti. Sheria hiyo hiyo iliikinga hati ya uandikishaji wa kwanza isirekebishwe hata kama ilipatikana kwa hila. Ilidumu hadi 2012. Katika muda huo thamani ya ufuko wa Diani na kusini mwake ilipanda kwa sababu ya utalii, na mtu aliyezaliwa chini ya minazi ya babu yake aliweza kuitwa kwa neno jipya lililotoholewa kutoka Kiingereza: skwota. Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa mtu huyo, nalo ni mwenyeji, lililojengwa juu ya mwenye. Kugeuka kwa mwenyeji kuwa skwota ni muhtasari wa historia yote iliyoelezwa hapa.

MALI YA TAIFA

Mwaka 1958, serikali ya Tanganyika ilipokusudia kuanzisha milki ya moja kwa moja ya ardhi kwa Waafrika, Julius Nyerere aliandika kijitabu cha Kiswahili chenye jina Mali ya Taifa. Mwandishi wake alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Wasomi wengi wanakijua kijitabu hicho kwa tafsiri yake ya Kiingereza katika mkusanyo wa 1966, na husahau kwamba kiliandikwa kwanza kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili.

Nyerere anaanza pale anapoanzia Locke: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Anakubali pia kwamba kazi inaleta haki. Lakini anakataa kuruka hatua ambayo Locke aliiruka. Mtu anayefyeka na kulima hakuiumba ardhi. Alichokiongeza ni kufyeka na kulima, na hicho ndicho chake, tena kwa muda anaoendelea kukitumia. Hii ni hoja ya falsafa yenye nguvu, na mtu wa Mwabungo anaitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo mantiki ya mnazi: kilichopandwa ni cha aliyepanda, na kilicho chini ya mizizi ni suala jingine. Mwaka 1963 Tanganyika ilizigeuza hati za milki ya daima kuwa za kukodi kutoka serikalini.

Hata hivyo, msomaji wa daraja ya juu hana budi kuuliza swali linalofuata. Ardhi isipokuwa ya mtu mmoja, ni ya nani? Nyerere anajibu kwamba ni ya taifa, na katika sheria taifa lilikuja kuwa na sura ya Rais aliyerithi nafasi ya Gavana. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya wakulima wa Tanzania walihamishiwa katika vijiji, wengi kwa kulazimishwa, na wakaacha nyuma yao miti waliyoipanda. Mali ya taifa iliwakinga dhidi ya mnunuzi. Haikuwakinga dhidi ya serikali. Mamlaka iligeuka milki kwa mara nyingine, safari hii kwa jina la wenyewe. Hapo rai ya Shafii, ya kwamba milki haitoki kwa mtawala, inapata uzito ambao haukuonekana ilipokuwa ikisomwa peke yake.

LUGHA YA SEMINA

Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1978 Tanzania Publishing House ilichapisha Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Fanon iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Henry Odera Oruka alizunguka vijijini Kenya kutafuta wenye hekima na kuandika hoja zao, kazi iliyozaa kitabu chake cha 1990. Juhudi hizo tatu zilijibu maswali matatu: nini kisomwe, kwa lugha gani, na nani ahesabiwe kuwa mwenye fikra. Swali la nne halijajibiwa vya kutosha: maandiko yasomwe kwa mpango gani?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba yasomwe juu ya swali moja, mezani pamoja, wala si kwa foleni ya karne. Katika foleni, Nawawi hayumo, Locke ni mwanzo, na Nyerere ni nyongeza. Katika swali la mnazi, wote watatu ni mashahidi sawa, na kila mmoja huhojiwa na wenzake. Nawawi anamhoji Locke kuhusu harimu na mahame. Nyerere anawahoji wote wawili kuhusu jasho la mtumwa na la mtumishi. Nawawi anarudi kumhoji Nyerere kuhusu mtawala.

Mahojiano hayo hayawezi kufanyika vizuri bila Kiswahili. Neno la Kiarabu mawat ni ndugu wa mauti, na ihyaa ni ndugu wa hai na huisha. Msomaji wa Kiswahili husikia katika istilahi hizo swali la uhai, na kwa hiyo huuliza kama ardhi hii kweli imekufa. Harimu ina mzizi mmoja na haramu na maharimu. Mwenye kulisikia neno hilo hafikiri eneo lisilotumika, bali eneo lisiloruhusiwa. Pori, nyika, mahame, konde na shamba ni daraja tano za uhusiano wa mtu na ardhi, ambapo neno moja la watunga sheria wa 1899 lilitosha kwa zaidi ya daraja mbili. Na udugu wa milki na mamlaka humfanya msomaji awe macho kila moja inapoanza kujipenyeza katika nafasi ya nyingine. Kazi ya wanaisimu na wanaleksikografia kwa hiyo si ya kuwapelekea wanafalsafa istilahi baada ya hoja kukamilika. Istilahi ni sehemu ya hoja.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya asili moja hayathibitishi fikra ya asili moja. Ni kweli, na hakuna hoja hapa inayosimama juu ya etimolojia peke yake. Etimolojia huonyesha mahali pa kuchimba. Kinachothibitisha ni matini, sheria na matokeo yake juu ya ardhi. Wapo pia watakaosema kwamba kuleta mnazi katika semina ni kuishusha falsafa. Lakini Locke mwenyewe alijenga hoja yake juu ya tofaa, tunda la mwaloni na majani ya farasi. Hakuna sababu ya kuyahesabu matunda ya Uingereza kuwa falsafa na nazi kuwa mfano tu.

HITIMISHO

Katiba ya Kenya ya 2010 ilitambua ardhi ya jamii, ikataja ndani yake misitu ya jamii na mahali pa ibada, na sheria ya 2016 ikaweka utaratibu wa kuiandikisha. Kwa hatua hiyo, harimu na kaya zilipata safu katika daftari baada ya zaidi ya miaka mia moja. Lakini safu si haki bado. Maswali ya nani ahesabiwe kuwa jamii, ya nafasi ya fuko mbele ya sheria ya urithi, na ya mnazi uliopandwa juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, yataamuliwa na mawakili, maofisa wa ardhi na mahakimu, na wengi wao watakuwa wamepita katika semina za vyuo vikuu. Iwapo watakuwa wamefundishwa kwamba milki ilianza na Locke na kwamba ardhi isiyolimwa ni tupu, wataamua kama walivyoamua wa 1902, hata wakiamua kwa nia njema. Iwapo watakuwa wamesoma maandiko yote matatu kwa lugha inayotofautisha mahame na pori, na mwenyeji na skwota, watakuwa na la kuuliza kabla ya kupiga muhuri.